Nilibakiza Maji Tu

Karakana ya Cheche haikuwa na kibao mlangoni, wala haikukihitaji. Ukitaka geti, dirisha la chuma au kitanda kisichopiga kelele, ulifuata mlio wa nyundo mpaka mwisho wa mtaa, ukamkuta mzee mwenye nyusi zilizoungua, amekunja uso kana kwamba wewe ndiye uliyekivunja hicho chuma kwa makusudi. Kazi yake ilikuwa safi. Mdomo wake ndio ulikuwa na kutu. Wateja walishamzoea. Walitukanwa kidogo, wakacheka, wakarudi tena.

Kazi moja tu hakuipokea, nayo ni ya matangi. Iwe tangi la mafuta, tangi la maji au hata pipa kuukuu la kuchomea takataka, alikataa. "Sichomelei kitu chenye tumbo," alisema, na aliyebisha alionyeshwa njia. Watu walidhani ni ukorofi wake wa kila siku. Hawakujua kwamba mzee huyu aliwahi kufanya kazi na mdogo wake, na kwamba mdogo wake alikuwa na macho mazima.

Enzi hizo walikuwa vijana, wakichomelea katika kibanda walichoachiwa na marehemu baba yao. Baba aliwaachia mashine moja, nyundo mbili na sheria moja. Tangi lililobeba petroli, hata ulikaushe namna gani, hubaki na mvuke ndani, na mvuke ukikutana na cheche, basi tena. Kwa hiyo unalijaza maji hadi karibu na ufa, mvuke ukose pa kukaa, ndipo unawasha moto. Sheria ya baba ilikuwa kwamba anayeshika chuma aulize, "Maji?" na anayechomelea ajibu, "Yamejaa." Lisipotoka jibu hilo, hakuna kuwasha.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya wiki, na Jumapili yake ndugu wote wawili walikuwa wabatizwe. Walikuwa wamemaliza darasa la ubatizo, na mama yao alishapiga pasi kanzu mbili nyeupe na kuzitundika ukutani, akawa anazitazama kila anapopita. Likaletwa tangi la jenereta lenye ufa. Bomba la kibandani lilikuwa kavu. Maji yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye foleni ya ndoo. Na Cheche alikuwa na haraka, kwa sababu jioni ile kulikuwa na mpira. Isitoshe, alikuwa ameshawahi kuruka hatua hiyo kwa siri, na hakuna kilichotokea.

"Maji?" akauliza mdogo wake, amepiga magoti, ameshika tangi kwa mikono miwili.

"Yamejaa," akajibu Cheche, hata hakupepesa jicho.

Cheche akawasha, tangi likalipuka, na mfuniko ukaruka upande wa aliyeshika. Moshi ulikuwa haujatawanyika mama yao alipofika mbio, kiatu kimoja mguuni, na kabla hajauliza lolote Cheche alijisikia akisema, "Nilimwambia ajaze maji, mama. Nilimwambia."

Uongo ule ulitoka wenyewe, lakini kuurudisha kulimshinda. Mdogo wake alilala hospitalini amefungwa bandeji usoni, na alipoweza kusema hakusema neno juu ya jambo hilo. Mama alikuwa akimpapasa mkono na kurudia, "Ungejaza maji tu, mwanangu. Maji tu." Cheche alikuwa amekaa papo hapo, upande wa pili wa kitanda, akisikiliza. Mama aliendelea kusema hivyo hadi alipozeeka, na akaingia kaburini akiamini hivyo.

Jumapili ile ya ubatizo Cheche hakwenda, wala nyingine zilizofuata. Mdogo wake alibatizwa baadaye, akishikwa mkono, akaja kuwa mwalimu wa kwaya. Cheche alihamia upande mwingine wa mji. Alijiambia kwamba Mungu ana watu wake, na mtu kama yeye angekwenda kumchafulia nyumba bure. Akapiga nyundo miaka na miaka, na sauti ya mama haikunyamaza hata pale nyundo ilipolia kwa nguvu zaidi.

Basi mchana mmoja kivuli kikaziba mlango wa karakana. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani myeusi na fimbo nyeupe, akiongozwa na mkewe. Cheche alimtambua kabla hajavuka kizingiti, akaweka koleo chini.

"Shikamoo, kaka," alisema mdogo wake. "Nimekuja kukuona. Na usinicheke, ndivyo watu wanavyosema."

"Marahaba," alijibu Cheche. "Umejuaje kama nipo?"

"Nimesikia matusi tangu kona ya mtaa."

Shemeji akacheka, akavuta kigoda, akamkalisha mumewe. Mwalimu alieleza shida yake bila kuzunguka. Kanisani kwao kulikuwa na tangi la chuma la kubatizia, lililojengwa nyuma ya pazia la madhabahu, na mshono wake wa chini ulikuwa umeoza. Maji yalikuwa yakivuja mpaka kwenye viti vya kwaya. Jumapili kulikuwa na watu wa kubatizwa.

"Mimi sichomelei matangi," alisema Cheche. "Mafundi wamejaa mjini. Tafuta mwingine."

"Mafundi wapo, kweli. Kaka ninaye mmoja."

Cheche alitafuta tusi la kumfukuzia. Yeye aliyekuwa na matusi ya kila aina, siku hiyo hakupata hata moja, akainama kukusanya vijiti vya kuchomelea.

Kanisa lilikuwa ukumbi mrefu wenye viti vya plastiki na madirisha ya juu, na saa zile za alasiri jua lilikuwa limeingia lote, limelala sakafuni hadi madhabahuni. Hapakuwa na mtu isipokuwa mchungaji, mzee mnene mwenye upole, aliyewafungulia mlango, akawasalimu, akaketi mbali na kuwaacha. Cheche alivua kofia pasipo kuambiwa. Hakuwa amefika kanisani tangu mazishi ya mama yake, na hata siku hiyo alisimama nje. Sasa alisikia nyayo zake mwenyewe zikimfuata ukumbini, akaanza kutembea polepole kama mtu aliyeingia chumba chenye mtoto aliyelala.

Walivuta pazia. Tangi lilikuwa tupu, limekaushwa, na ngazi zake zikishuka ndani. Walishuka wote wawili, Cheche akakwangua kutu, akapiga brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akakata kiraka cha bati zito na kukipachika juu ya mshono. Kilihitaji mtu wa kukibana. Kabla hajasema kitu, mdogo wake alishapiga magoti, akapapasa, akakishika kwa mikono miwili palepale panapotakiwa. Vidole vyake vilikuwa na makovu mpaka kwenye kucha.

Cheche alishusha kinyago chake cha kuchomelea, akaweka kijiti kwenye koleo, akasogea.

"Maji?" akauliza mdogo wake.

Alilitamka kwa mazoea tu, kama walivyofundishwa na baba. Hapakuwa na mafuta hapa, hapakuwa na hatari yoyote. Cheche alijua hivyo. Lakini mkono ukabaki hewani.

"Kaka? Maji?"

"Hayakuwemo," alisema Cheche.

"Nini?"

"Siku ile. Hayakuwemo hata tone. Nilikuwa nawahi mpira. Nikakuambia yamejaa, halafu nikamwambia mama nilikuagiza wewe." Alizungumza ndani ya kinyago, na sauti ikamrudia usoni. "Wewe hukusahau kitu. Mama amekufa anakulaumu wewe, na mimi nilikuwa hapo hapo, nimekaa, nasikiliza."

Mdogo wake hakuachia kiraka. Aliinamisha kichwa.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba lilikuwa tupu. Niligonga kwa kidole nilipolishika. Tangi lenye maji halilii, kaka, baba alitufundisha. Lile lililia kama kengele."

Cheche alinyanyua kinyago. Jasho na machozi vilikuwa vimechanganyika, na hakujishughulisha kufuta. "Sasa kwa nini ulishika?"

"Kwa sababu ulisema yamejaa. Nikaona labda masikio yangu ndiyo mabaya. Ulikuwa kaka yangu."

"Na mama? Kwa nini hukumwambia mama?"

"Mwanzoni nilinyamaza ili abaki na mtoto mmoja wa kumtegemea. Baadaye nilinyamaza kwa hasira. Usifikiri nilikuwa malaika." Mwalimu alitabasamu kidogo. "Nilikuchukia mpaka nikachoka. Kwenye Sala ya Bwana kuna mahali pa kusamehe waliotukosea. Nikifika pale nilikuwa nafunga mdomo. Miaka mingi. Kwaya yangu ilidhani mwalimu anavuta pumzi, na wao wakaanza kuvuta pumzi hapo hapo, sala ikawa na shimo katikati."

Cheche alicheka na kulia kwa pamoja, kicheko kibaya kilichomuumiza kifua.

"Kisha siku moja nikajikuta nimelisema," mdogo wake aliendelea. "Nilikuwa nafundisha watoto, sikujiandaa. Likatoka. Nikalia mpaka watoto wakakimbia kumwita mke wangu. Siku ile nilikusamehe, kaka, ni zamani sana. Msamaha wako umekaa kwangu kama geti ambalo mwenyewe hajaja kulichukua. Nikaona nisiposogea mimi, litaota kutu."

Cheche alijua sana mageti ya namna hiyo. Alikuwa nayo kwenye karakana, yameegemea ukuta, yamekamilika, wenyewe hawajulikani walipo. Aliketi chini ndani ya tangi lile, mgongo kwenye chuma, akahisi hofu ambayo hakuwahi kuihisi hata siku ya mlipuko. Haikuwa hofu ya kuadhibiwa. Adhabu aliizoea, alijipa mwenyewe kila siku. Alichoogopa ni ukubwa wa kitu alichopewa, na ule muda wote ambao kilikuwa tayari naye hajui. Jua lilikuwa limepanda ukingo wa tangi na kuwaangukia wote wawili. Alikuwa ameishi maisha yake yote akitazama mwanga mkali kupitia kioo cheusi, na sasa kinyago kilikuwa juu ya kichwa chake, macho yake yakiwa wazi, na hakutaka kuyafumba. Mungu alikuwa humo ndani. Cheche hakuwa na namna nyingine ya kulieleza, wala hakuitafuta.

"Nisamehe," alisema hatimaye. Hakujua kama alikuwa akimwambia mdogo wake au Mungu.

"Shika kazi yako, mzee," alisema mdogo wake, akipangusa pua kwa bega. "Magoti yangu si ya juzi."

Cheche akashusha kinyago, akachomelea. Mshono ule ulitoka sawasawa, na baadaye alisema hajui ulivyotoka, kwa kuwa nusu ya muda hakuwa anaona.

Jioni, mchungaji alipokuja kutazama, Cheche alimfuata huku akizungusha kofia mikononi.

"Mchungaji, hiyo Jumapili... mtu mzima kama mimi anaweza kuingia humo?"

"Kuna darasa la kusoma kwanza, baba."

"Darasa nilimaliza. Tena nilifaulu." Akalitazama tangi. "Nilibakiza maji tu."

Mchungaji alimtazama yeye, akamtazama mwalimu wa kwaya aliyekuwa ameegemea tangi, akaitikia kwa kichwa.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Cheche alivaa kanzu nyeupe ya kuazima iliyomwishia chini kidogo ya magoti, na miguu yake mikavu ilionekana yote. Siku nyingine angemtukana mtu kwa hilo. Mchungaji alipompa nafasi ya kushuhudia, alisimama mbele ya watu akiwa hajui pa kuweka mikono.

"Mimi ni fundi," alisema. "Mnamjua huyu mwalimu wenu. Watu wa zamani husema alipofuka kwa uzembe wake, alisahau kujaza tangi maji. Si kweli. Mimi ndiye ambaye sikujaza. Mimi ndiye niliyemwambia limejaa, na mimi ndiye niliyemsingizia kwa mama yetu. Mama sitampata tena kumwambia. Nawaambia ninyi."

Kwenye safu za mbele bibi mmoja, rafiki wa marehemu mama yao, aliweka viganja usoni na kuanza kulia taratibu. Cheche alishuka ngazi za tangi. Maji yalimfika kifuani, baridi, na yalikuwa matulivu kiasi kwamba aliyaona madirisha yote ya juu yamo ndani yake, pamoja na mwanga wake. Aliogopa kuyasogeza. Mchungaji alimshika mgongoni.

Hapo mwalimu wa kwaya alitoka mahali pake. Alikuja akipapasa ukuta mpaka ukingoni, akapiga magoti, akalishika tangi kwa mikono miwili. Aligonga ubavu wake kwa kidole. Halikulia kama kengele. Lilitoa mlio mzito, mfupi, na kila aliyekuwa karibu aliusikia.

"Maji?" aliuliza mdogo wake.

Jibu alikuwa nalo tayari kwenye kidole. Hata hivyo aliuliza, akainua uso wake wenye makovu na kusubiri. Cheche aliyatazama maji yaliyomfika kifuani. Kanisa zima likamngoja.

"Yamejaa," akasema.

"Haya," alisema mdogo wake. "Nimeshika."

Ndipo mchungaji akamzamisha.