Mnunuzi wa Majaribio

Siku leseni ilipotundikwa dukani kwa Swafi, bibi alikuwa anashona vifungo. Kazi yake ilikuwa kushona sare, na cherehani yake ilikaa kibarazani, ng'ambo ya barabara, mahali ambapo jicho moja lilitosha kwa geti la shule ya msingi na la pili kwa mlango wa duka. Alimwona Swafi akipanda juu ya kreti la soda, akapiga msumari, akatundika fremu, akashuka, akaitazama, akapanda tena kuinyoosha. Swafi hakuvumilia kitu kilichokaa upande. Jina hilo alipewa kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya mashati yake.

"Mungu ni mwema," bibi akasema, akakata uzi kwa meno.

Alikuwa na sababu ya kushukuru. Mume wake alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Alianza kuvuta akiwa na miaka tisa, wakati mjomba wake alipokuwa akimtuma jikoni kumwashia sigara, na kila siku sigara ilifika kwa mjomba ikiwa fupi zaidi. Baada ya kumzika, bibi aliandika barua kwa ofisi ya leseni, kwa mkono wake, kwa herufi kubwa, kwamba Swafi anawauzia watoto sigara moja moja kutoka kwenye kopo la maziwa chini ya kaunta. Hakujibiwa. Kisha sheria ikatoka. Kila muuza tumbaku awe na leseni, leseni iwe ya muda mpaka duka lipite majaribio matatu, na akimwuzia aliye chini ya miaka kumi na minane, hata mara moja, inang'olewa ukutani.

Wiki iliyofuata mkaguzi akaja na faili kwapani.

"Shikamoo, bibi. Barua yako tumeisoma."

"Marahaba, mwanangu. Mmechukua muda."

"Tunasoma polepole, bibi." Akaketi kwenye benchi la wateja. "Tunahitaji mtoto wa kununua. Anaingia, anaomba sigara moja. Akiuziwa tu, tumemshika mtu wetu."

Mjukuu wa bibi alikuwa chini ya meza, anaokota pini kwa sumaku. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mtaani walimwita Sindano kwa wembamba wake. Mama yake alikuwa na kazi mji mwingine na alimwacha hapo tangu ananyonya.

"Mimi naweza," Sindano akasema. "Nikiulizwa, niseme nimetumwa na nani?"

"Hujatumwa na mtu. Unataka sigara."

"Sitaki."

"Ndiyo, lakini useme unataka."

Bibi akauliza kama kuna hatari. Mkaguzi akaitazama barabara kulia na kushoto, akasema ni hatua thelathini. Bibi akavaa miwani, akasoma karatasi mpaka mwisho, akatia sahihi mara tatu, moja kwa kila jaribio. Moyoni alikuwa anamwambia marehemu kwamba siku imefika.

Jaribio la kwanza lilifanyika saa nane mchana. Sindano akaingia. Alipoweka sarafu juu ya kaunta, chini ya leseni, akawa mwanamke wa miaka kumi na minane. Mkaguzi alikuwa amesimama karibu na mikate na aliona vizuri. Swafi akasema, "Karibu, dada," akafungua kopo, akampa sigara. Mlangoni akawa mtoto tena.

Mkaguzi akavuka barabara, akaitia ile sigara kwenye bahasha.

"Amepita," akasema.

"Nani?"

"Swafi. Amemwuzia mtu mzima."

"Huyu ana miaka kumi na mmoja."

"Sasa hivi, ndiyo. Fomu inauliza umri wa mnunuzi wakati wa kununua. Na nafasi yenyewe ni finyu, bibi, umri wa kabla na wa baada hautoshei."

Jioni bibi akampima Sindano kwa tepu. Mkono wa shati ulikuwa umepungua inchi mbili, na sketi vilevile. Akapima tena, akapata hesabu ileile. Akaachia pindo.

Kuanzia hapo kopo halikukaa tena chini ya kaunta. Swafi alilipandisha juu, karibu na mizani, na kengele ya mchana ikilia watoto walipanga mstari mpaka nje, wameshika mikoba, wametulia. Kila mmoja alikuwa mtu mzima kwa muda wa kulipa na kupokea. Hawakurudi wote walivyokuwa. Mama zao walikuja kibarazani na sare mkononi.

"Niongezee hapa kwenye kola, shingo haipiti."

"Juzi tu nimeongeza."

"Watoto wa siku hizi wanakua upesi, bibi."

"Kweli wanakua," bibi alijibu, pini zikiwa mdomoni. Alijua vipimo vya shule nzima, na hakuna aliyemuuliza. Darasa la tano lilianza kuota mvi. Mwalimu wa michezo alifuta mbio kwa ajili ya magoti.

Mkaguzi aliporudi kwa jaribio la pili, bibi alikataa. Mkaguzi hakukasirika. Akamwonyesha kwenye karatasi, kwa kalamu, kwamba mnunuzi akiondolewa, majaribio yaliyobaki yanahesabiwa duka limepita.

"Na akienda akanunua akiwa mtoto?"

"Basi leseni inang'olewa leo leo. Mimi mwenyewe nitashika nyundo."

Bibi akafumba macho, akaomba, akamwachia aende. Umri ulianzia pale ulipokuwa umeachwa, ukapanda. Mbele ya kaunta Sindano alikuwa na miaka arobaini na kitu, na Swafi akamwita mama. Aliporudi alikuwa wa darasa la tano, isipokuwa nywele mbili nyeupe juu ya sikio, na alipoinama kuokota pini alishika kiuno.

"Huko ndani kuna nini?" bibi akamuuliza.

"Hakuna kitu. Unachoka tu. Halafu unakumbuka mambo."

"Mambo gani?"

"Sijui, bibi. Hayajatokea bado."

Siku ya jaribio la tatu bibi alifungua sanduku, akatoa kadi ya kliniki ya Sindano, yenye tarehe ya kuzaliwa na muhuri. Safari hii aliingia naye dukani, amemshika mkono. Sindano alipoweka sarafu, bibi aliinua kadi mbele ya uso wa Swafi.

"Soma," akasema.

Swafi alifuta vidole kwa kitambaa, akaipokea, akasoma, akampa mkaguzi. Mkaguzi naye akasoma, akamrudishia bibi. Muhuri ulikuwa uleule na wino uleule. Mwaka ulikuwa miaka minane kabla ya mwaka aliozaliwa bibi.

"Kadi iko sawa," mkaguzi akasema, akaandika.

Bibi akahisi kwamba mkono alioushika umekuwa mwepesi na mkavu. Hakuugeukia. Swafi aliinamisha kichwa, kwa adabu, kama anavyopaswa mtu aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama. Unataka ngapi?"

Leseni ya kudumu ilikuwa tayari ndani ya faili. Bibi akaachia ule mkono, akatoka, akavuka barabara peke yake, akakaa kwenye cherehani. Ng'ambo, kreti la soda lilisogezwa chini ya ukuta, na nyundo ikalia mara tatu. Alijaribu kuingiza uzi kwenye tundu la sindano na haukuingia, akaulowesha kwa mate, ukaingia. Akasikia viatu vya shule vikipanda ngazi ya kibaraza, kimoja, kisha kimoja, na pumzi katikati.

"Shikamoo," mdomo wa bibi ukasema, kabla hajainua macho.

"Marahaba," Sindano akajibu, akatua mkoba polepole. "Sketi imerudi kuwa ndefu."

Bibi akachukua tepu, akapiga goti mbele yake. Ulikuwa unahitajika upindo wa inchi mbili. Matundu ya pindo la zamani yalikuwa bado yanaonekana kwenye kitambaa, akapitisha uzi humohumo. Ng'ambo kengele ililia, na mstari ukaanza kujipanga.