Mtoto wa Funo Bandani kwa Bibi

Januari huku kwetu Kibosho ni mwezi wa hovyo, niseme tu ukweli. Desemba nzima huwezi kupita kwa magari ya Dar. Kila nyumba inachoma ndafu, mbuzi mzima mzima, na watoto wa mjini wanapigia kelele ng'ombe mpaka unachoka. Krismasi ikiisha na mwaka mpya ukipita, wote haooo, wamerudi mjini. Tunabaki wazee, ng'ombe na mimi.

Mama hakuja. Hata yule mjomba wa jirani aliyesemekana amepotelea Zambia alitokea na begi lake mgongoni. Mama yangu yuko Kimara tu, hapo Dar, safari ya basi ya siku moja, akapiga simu kusema kazi zimebana. Aliniacha kwa Bibi nikiwa darasa la tatu, akasema ni kwa muda kidogo. Sasa naingia la sita. Watu wakiniuliza, "Odilia, mama hajaja?" najibu, "Kwani umemwona?" halafu naondoka zangu. Bibi anasema nina mdomo. Ninao.

Kazi yangu ni majani ya ng'ombe. Kwetu ng'ombe hatoki nje. Anazaliwa bandani, anakula bandani, na ndama analala ubavuni kwa mama yake. Kwa hiyo majani lazima yafuatwe. Jumamosi ile asubuhi, shule haijafunguliwa, nilishuka korongoni chini ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji vihambani, mashamba yetu ya migomba, nikaanza kukata.

Nilikuwa nimeshainua mundu nilipoona jicho. Kumbe mbele yangu amejikunja mtoto wa funo, yule paa mdogo mwekundu wa msituni. Hakukimbia. Hata sikio hakutikisa. Kidogo tu ningemkata.

Nikaangalia huku na huku, nikangoja. Mama yake hayupo. Nikapandwa na hasira.

"Na wewe pia amekuacha?" nikamwambia.

Nikamfunga kwenye kitenge, nikajitwika majani niliyokata, nikapanda naye nyumbani.

"Yesu na Maria!" Bibi akashika kichwa. "Umemtoa wapi huyo?"

"Ametupwa, Bibi."

"Maskini wa Mungu. Mama yake atakuwa ameliwa na mbwa."

Bibi yangu, Mektrida, amefuga tangu alipoolewa. Lakini mtu aliyezoea ndama wa bandani hawezi kufikiria mama anayemlaza mtoto peke yake kwa makusudi. Mimi ndiyo kabisa. Tukamweka pamoja na ndama, tukamletea maziwa kwenye chupa. Akakaza mdomo, akawa anatetemeka tu. Nilikaa naye kwenye majani makavu nikamweleza habari zangu zote, hata zile ambazo Bibi hazijui. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Sijawahi kuwa na mtu wa kumwambia.

Mchana Bibi akaona hali mbaya, akamwita jirani yetu Baba Pamela, ambaye ni askari wa msitu. Alikuja na mabuti yake ya mpira, akachungulia bandani, akaguna.

"Shikamoo, Baba Pamela."

"Marahaba. Nani kakwambia ametupwa?"

"Alikuwa peke yake."

"Ndivyo wanavyolelewa hao. Mama anamlaza mahali, anaenda kula mbali ili asiwaonyeshe mbwa na chui mtoto alipo. Baadaye anarudi kumnyonyesha. Saa hizi yuko korongoni anazunguka, anamtafuta mtoto uliyemwiba."

Uliyemwiba! Neno lile liliniuma.

"Kama anampenda si angekaa naye?" nikamwuliza kwa ukali. Bibi akainamisha uso.

Baba Pamela akajikuna kidevu. "Hilo silijui, mwanangu. Ninachojua ni kwamba huyu asiponyonya, kesho tunamzika. Mrudishe palepale ulipomtoa. Si karibu na hapo. Palepale. Halafu kaa mbali, uzuie mbwa na wakata majani. Basi, hiyo ndiyo kazi yako."

Tatizo ni kwamba nusu ya majani yaliyomficha nilikuwa nimeshayakata mwenyewe. Nikambeba pamoja na mzigo wangu wote wa majani kurudi korongoni, nikamlaza, nikayasimamisha majani moja moja kumzunguka. Ng'ombe wa Bibi siku ile alikula migomba.

Nikajificha ng'ambo ya mfongo. Akaja Sifael, tunasoma naye, na mbwa wake wawili na mundu.

"Huku leo hakukatwi," nikamwambia.

"Kwani korongo la baba yako?"

"La babu yako? Rudi, Sifael, au nikupige na kokoto."

Akaondoka akisonya. Nikabaki peke yangu na maji ya mfongo. Jua likapungua, mlima ukafunikwa na mawingu, baridi ikaniingia. Niseme lililokuwa moyoni: nusu yangu ilitaka yule mama asije. Asipokuja nitarudi naye nyumbani, tutakuwa wawili tulioachwa. Nusu nyingine ilikuwa inasali rozari bila rozari, ikiomba asife.

Ukungu ulipoanza kushuka, akatokea. Anatembea, anasimama. Anatembea, anasimama. Akaenda moja kwa moja pale, akatoa sauti ndogo, na mtoto akainuka na miguu yake inayoyumba. Mama akamnusa, akasita. Ni harufu yangu ile. Akamnusa tena, halafu akaanza kumlamba, na mtoto akaingia chini ya tumbo akanyonya kwa fujo, mkia unacheza.

Aliposhiba, mama yake akamlaza tena, akaingia msituni. Mtoto wala hakulia. Mimi ndiye niliyelia, njia nzima mpaka nyumbani.

"Amekuja?" Bibi akauliza.

"Amekuja. Niazime simu."

Mama akapokea haraka, maana mimi huwa simpigii.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kuna nini? Bibi anaumwa?"

"Bibi mzima."

"Unataka nini basi? Madaftari? Nitatuma wiki ijayo."

"Sitaki kitu. Nilitaka tu ujue nipo palepale uliponiacha."

 Nilisikia honi za magari ya huko, na nikamsikia yeye akipumua. Hakusema kazi zimebana. Hakusema chochote. Lakini hakukata simu, na mimi sikukata, mpaka salio la Bibi likaisha.