Mkono wa Mama Fundi

Mama Fundi, mshona nguo, alikuwa mjane na watoto wake wote walikuwa mbali. Kila wiki nesi alikuja nyumbani kumfundisha kujidunga dawa ya kuongeza kinga ya mwili chini ya ngozi ya tumbo, na kila mara mkono wa mama ulitetemeka, ikabidi nesi amdunge mwenyewe.

Siku hiyo kifungo cha nesi kilikatika. Mama akatunga uzi kwenye sindano yake ya kushonea mara moja tu, akakishona chapuchapu.

“Mama, mbona leo mkono umetulia?”

Mama akainama. “Nikishajua kujidunga, utakuja kufanya nini tena, mwanangu?”

Nesi akaunganisha sindano ya dawa kwa mrija na kipampu kidogo. Akamkabidhi sindano, naye akajidunga vizuri kabisa. Kipampu kikaanza kusukuma dawa taratibu. Wakakaa wakikitazama, na mama akaomba moyoni dawa isiishe haraka.