Mstari wa Baba Yake

Mjukuu wangu alikuwa mezani tangu asubuhi, kompyuta mbele yake, chai imepoa hadi imefanya utando. Mwanangu alipofariki, miezi minne iliyopita, binti yake ndiye aliyerithi kazi yake ya kutunza mfumo unaoendesha mashine za kompyuta.

"Bibi, nimepata kosa," alisema. "Ni la baba."

Nikavuta kiti. Akanieleza taratibu, kama nilivyomfundisha mimi kufunga kamba za viatu. Ujumbe ukiingia kutoka mtandaoni, mashine huuweka kwenye kumbukumbu, na kihesabio hujumlisha nafasi iliyochukuliwa. Kihesabio hicho baba yake alikifanya kidogo. Kikifika ukomo hakisimami, namba yake hugeuka hasi, chini ya sifuri. Mashine hudhani ina nafasi tele, na kuendelea kupokea mpaka izimike.

"Kama mlevi anayeapa hajaonja," nikasema.

Akacheka kidogo, kisha akalia.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu wa maandishi ya programu, wa kihesabio kipana zaidi. Tabu ilikuwa desturi ya mafundi wa mfumo huo: anayerekebisha lazima aandike kosa liliingizwa na nani, na rekodi hiyo haifutiki.

"Watamkumbuka kwa hili, Bibi. Na hawezi kujitetea."

Simu ikaita. Alikuwa Miwani, fundi mzee aliyefanya kazi na mwanangu miaka yote. Mjukuu akaweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Binti yangu, lile kosa nililiona tangu Jumatatu," alisema. "Nikakuachia."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Mkono ulikataa kuliandika jina lake." Akakohoa. "Ukiliandika, weka na langu chini yake. Mimi ndiye niliyeukagua mstari ule nikasema uko sawa. Asibebe peke yake."

Alipokata simu, mjukuu alinitazama.

"Andika, mke mwenzangu," nikamwambia. "Baba yako akivunja kikombe, alikuwa akija mwenyewe na vipande mkononi."

Akaandika majina yote mawili, kisha akanigeuzia kompyuta. Mstari wa mwanangu ulikuwa na rangi nyekundu, wa kuondolewa. Wa binti yake ulikuwa chini, kijani. Nikaweka kidole juu ya ule mwekundu.

"Huu utaenda wapi?"

"Utabaki kwenye historia, Bibi. Ila mashine hazitausoma tena."

Alinisubiri, hakunihimiza. Nilipoondoa kidole, akabonyeza.