Orodha ya Wanyonge Watatu

Siku hiyo mpumbavu nilikuwa mimi, nasema mapema ili msichoke kumtafuta. Tena si mpumbavu wa kimyakimya: futi shingoni, kalamu sikioni, na barakoa kidevuni kana kwamba ndevu ndizo zinazopumua.

Karakana yetu inashona sare za shule. Mimi ndiye mkata kitambaa na mkuu wa mafundi, na ndiye ninayewapima wateja vifua na viuno. Cherehani ni saba, chumba ni kimoja, na madirisha tunayafunga, maana upepo ukiingia, vipande vya bitana vinatawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe. Hewa ya asubuhi tunarithishana hadi jioni.

Basi akaja shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ndani ya gauni lake la uuguzi. Zahanati ilikuwa imepata chanjo chache, na karakana yetu ilitengewa dozi tatu. Zilitakiwa ziwaendee wale ambao korona ikiwapata itawaumiza zaidi.

"Niandikie majina matatu, shemeji. Wewe ndiye unayewajua watu wako."

Niliandika hata hajapata kiti. Wa kwanza, mpiga pasi: mzee wa miaka sitini na saba, kifua kinapiga filimbi na sigara haimtoki mdomoni. Wa pili, Sindano, fundi wa vifungo, binti mwembamba ambaye akikupa ubavu unaanza kumtafuta. Wa tatu, mfagiaji, kwa kuwa jana yake alipiga chafya mara mbili. Nikayasoma majina kwa sauti, nikayapa na kichwa: Orodha ya Wanyonge. Mafundi wakacheka. Nikanogewa, nikajipiga tumbo.

"Sisi wengine ni mbao ngumu. Korona ikija hapa itagonga irudi zake."

Sindano hakucheka. "Mkuu, mimi nakuja kazini kwa miguu, saa nzima kuja, saa nzima kurudi. Wewe ngazi tatu za hapo mlangoni unazipanda kwa awamu."

Wakacheka tena, safari hii bila ruhusa yangu.

Shemeji aliitazama karatasi. "Mpiga pasi sawa, umri na moshi. Hawa wengine umewachaguaje?"

"Kwa macho."

"Macho yako na kioo hawajuani, shemeji. Una miaka mingapi?"

"Hamsini na kidogo."

"Hicho kidogo ni tisa," mke wangu alisema kutoka kwenye cherehani yake, mguu ukiendelea kukanyaga.

"Kiuno?"

"Thelathini na sita. Tangu harusi." Nikamkabidhi futi kwa madaha.

Cherehani ya mke wangu ikanyamaza. Nikajua pana jambo, kwani haijawahi kunyamaza kwa ajili yangu.

"Baba watoto, suruali zako nimezifumua mara nne, nikaongeza kitambaa kwa nyuma ukiwa bafuni. Ile namba ya ndani nimeiacha tu usije ukahuzunika."

Futi likasoma arobaini na sita. Miaka thelathini napima viuno vya watu, changu nilikuwa nakisoma kwenye kijitambaa cha uongo.

Shemeji akanifunga kipimo cha presha mkononi. Kikabana, kikalegea, naye akaandika namba bila kuzitamka. Muuguzi mtani akikosa utani, mgonjwa aanze kuogopa.

"Na sukari?"

"Ipo kidogo."

"Kidogo kama ile miaka tisa?" Hakungoja jibu. "Sikiliza, shemeji. Kuupata ugonjwa ni jambo moja, kuangushwa nao ni jingine. Wewe umejipanga kote kuwili. Kwa siku unasogeza pua kwenye pua za watu arobaini, madirisha yamefungwa, na barakoa inalinda kidevu. Ukishaupata, unakukuta na umri, presha, sukari na hilo tumbo. Korona haitapiga hodi, itakuta umeshaitandikia."

Akamwacha mfagiaji kwenye orodha, ambaye kumbe ana pumu tangu utotoni. Hapo nilipatia kwa kubahatisha. Akamkata Sindano. Juu ya mstari akaandika jina langu, kisha akamwambia mpiga pasi akafungue madirisha. Bitana zikaruka, hakuna aliyezifuata. Wote walikuwa wananitazama.

Hapo ndipo nilipoanza ubishi. Nitakunjaje mkono mbele ya watu niliowaita wanyonge? Nikasema nafasi yangu nampa Sindano, mkubwa ni jalala. Shemeji akasema dozi ikikataliwa inahamia kwa maseremala wa jirani, na hajui nyingine zitakuja lini.

"Na fundi viatu wa pale kona," akaongeza, "mnene mwenzako, alikuja zahanati anatembea, anatania. Aliondoka amebebwa."

Mpiga pasi alikuwa ameshakunja shati, mkono mkavu kama ufito, anasubiri zamu yake bila aibu. Mimi bado nilishikilia mkono wa shati langu usipande.

"Kila mtu ana siku yake," nikasema. "Mbona hata vijana wamekufa?"

Mke wangu akakata uzi kwa meno, macho yake kwenye pindo.

"Wamekufa, mume wangu. Lakini wamebaki wengi, na mimi bado sijazeeka."