Makaburi ya Uani

Wakati wataalamu wa mifupa na meno wanakunywa chai ukumbini Kilindoni, mimi, mtoa mada wa kwanza, nilikuwa kijijini Kanga, uani kwa mama yangu, nimeshika jembe, nafukua makaburi.

Naomba mnielewe. Meno ya utafiti wangu niliyakusanya kwa miaka, jino mojamoja, kwa watu wa kisiwa hiki waliong'olewa hospitalini wakaniachia kwa hiari yao. Nilitaka kujua maji ya visima vyetu yanalifanya nini jino la mtu aliyeyanywa tangu utotoni. Kila jino lilikaa kwenye kichupa chake chenye namba, maana jino lisilo na namba ni sawa na kokoto. Jana yake nililisukuma sanduku la vichupa chini ya kitanda nikalala na furaha zangu. Kuamka, sanduku tupu.

"Mama! Meno yangu yako wapi?"

Mama yangu, Bi Mize, alikuwa anapika vitumbua. Hata kugeuka hakugeuka.

"Yako yamo kinywani mwako. Yale ya watu nimeyastiri."

"Umeyastiri wapi?"

"Kwani mwanadamu hustiriwa wapi, Mwanahija?"

Kichwa kilitaka kunipasuka. Hivi mtu asome mpaka macho yaume, ashindie mihogo kwenye chumba cha kupanga Dar es Salaam, halafu kazi yake yote izikwe na mama yake mzazi kabla ya vitumbua kuiva! Wallahi nilitaka kupiga kelele. Nikazipiga.

"Wenyewe walinipa, mama! Kwa ridhaa yao!"

"Walikupa wakiwa hai. Waliokufa tangu hapo, umewauliza?"

Simu ikalia. Alikuwa Profesa Mansuri, msimamizi wangu.

"Uko wapi wewe? Hadubini ziko mezani, wageni wanaisubiri namba saba!"

Namba saba ndiyo iliyobeba mada yangu nzima. Lilikuwa gego la mzee aliyezaliwa hapa na kuzeekea hapa, halina hata tundu moja; fizi tu ndizo zilizoshindwa kulishika. Bila hilo, nilichobaki nacho ni maneno.

Nikachukua jembe, nikatoka uani. Nilijua nitakuta shimo moja, meno yamechanganyika, utafiti kwaheri. Nikakuta matuta madogo ya udongo yamepangwa mstari kando ya ua wa makuti, na kichwani pa kila tuta kichupa kimechomekwa, namba yake inasomeka.

"Watu hawachanganywi shimo moja," mama alisema nyuma yangu. "Hata kama siwajui."

Nikafukua. Kila jino lilikuwa limefungwa kwenye kipande cha bafta nyeupe, na bafta ile naijua. Ni sanda yake mwenyewe, aliyojiwekea kabatini siku nyingi. Ameikata kwa ajili ya watu asiowajua! Hapo nikazidi kuchukia, maana sasa hata kukasirika nilikuwa nanyimwa.

Nilipofika namba saba, jembe likanigomea. Gego lile ni la baba yangu, Mzee Marijani. Alinitilia mkononi palepale hospitalini, shavu limemvimba, huku anacheka: "Lisome, mwanangu. Ila mama yako asijue, atalizika." Mwaka haukuisha, tukamzika yeye.

"Mbona huyo umemruka?" mama akauliza.

Nikamwambia ni nani, na alichosema.

Mama akakaa chini, akaweka kiganja juu ya tuta lile dogo. Akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka.

"Alinijua yule," akasema. Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Haya, mchukue. Wenzio wanakungoja."

Nililiegemeza jembe kwenye ua, nikabeba vichupa na meno yake, nikaenda kutafuta bodaboda.

Niliingia ukumbini kucha zimejaa udongo, nanuka moshi wa vitumbua. Profesa Mansuri alivipokea vichupa, akavipanga mezani kimojakimoja mbele ya wageni, akavirudia tena, uso umemkunjamana.

"Namba saba iko wapi?"

"Imezikwa."

"Imezikwa!" Wageni wote wakageuka. "Kwa ridhaa ya nani?"

"Ya mkewe," nikasema, nikapanda jukwaani.