Sikio la Karanga

Maji ya kuoshea utumbo yalikuwa yameshageuka kijani Aneth alipopita machinjioni kumwambia Febronia kwamba mbwa wake kaonekana.

"Yuko kwa Philipo, yule mnunuzi wa asali," alisema, amejiziba pua kwa pindo la kitenge. "Kamfunga nyuma ya nyumba. Ila sina hakika, dada. Sikio lake silielewi."

Febronia aliuacha utumbo ukining'inia ukingoni mwa beseni. Karanga alikimbia usiku wa radi, na tangu hapo Febronia alikuwa amemtafuta stesheni, jalalani, hadi kwenye vichaka vya nje ya mji. Tangu mumewe afariki, mbwa huyo ndiye aliyemsindikiza kazini kila alfajiri na kumngoja mlangoni. Hakunawa. Alivuka reli akiwa na samadi hadi viwikoni, na watu wakampisha.

Uani kwa Philipo kulinuka kuliko yeye. Masega yaliyokamuliwa yalikuwa yamechacha ndani ya ndoo, nyuki waliokufa wakielea juu ya povu. Nyuma ya ndoo hizo Karanga alikuwa amefungwa kwa waya. Alipomwona Febronia alijaribu kusimama. Waya ukamrudisha chini. Nusu ya sikio la kushoto ilikuwa imekatwa, na ndani ya kidonda kulikuwa na weupe unaotembea.

Miaka yote Febronia alikuwa akitumbukiza mikono katika matumbo ya ng'ombe, na hakuwahi kutapika. Sasa mate yalimjaa mdomoni.

"Shikamoo, mama," Philipo alisema akitoka ndani, akifuta vidole kwenye suruali.

Hakulelewa kuiacha shikamoo bila jibu. "Marahaba. Nimemfuata mbwa wangu."

"Huyu ni wangu. Tazama sikio. Mbwa wangu wote wa kulinda asali nawakata hivyo hivyo."

"Alikuwa na ukanda shingoni. Bwana mifugo alimvalisha siku ya chanjo, na kibati chake kina jina langu."

"Nilimkuta porini hana kitu, mama. Sasa ana alama yangu."

Alikuwa anatafuna nta. Aliitema karibu na pua ya mbwa, akatabasamu.

Jikoni, mtu aliyekuwa akikwangua sufuria aliacha. Jenipher, mke wa Philipo, akatoka bila kumtazama yeyote, akatupa chini ukanda wa bluu uliokatwa kwa kisu. Kibati kililia juu ya jiwe.

"Mpe mama wa watu mbwa wake," alisema. "Nimechoka kumsikia akilia."

Philipo aliusukuma ukanda kwa kidole cha mguu. Alimkazia macho mkewe kwa muda, naye Jenipher hakuondoka.

"Mchukue, basi," Philipo alisema hatimaye. "Ananuka. Funza watammaliza tu."

Febronia alifungua waya mwenyewe. Hakuweza kumtazama Philipo tena. Aliona kama kumtazama tu kungemwachia kitu cha kuosha.

Bwana mifugo, Fabiano, alitoa funza kwa kibano, mmoja mmoja, kisha akapuliza dawa ya zambarau. Karanga alitetemeka bila kutoa sauti.

"Kidonda kitapona," Fabiano alisema. "Ila alama ya yule bwana haifutiki. Labda tumkate kidogo na la pili, watu wamtofautishe."

Febronia alimtazama, kisha akakitazama kisu juu ya meza. "Usimguse."

Fabiano akampa ukanda mpya. Febronia akaufunga kwa ulegevu, juu ya manyoya yaliyochubuliwa na waya.

Karibu na reli walikutana na mama mmoja amejitwika kuni.

"Mbwa wa Philipo kakufuata?" mama huyo aliuliza.

"Ni wangu."

"Mbona sikio..."

Karanga akatikisa kichwa, na matone ya zambarau yakarukia sketi ya Febronia, yakatua juu ya samadi iliyokauka. Hakuyafuta. Alisimama pale, mkono juu ya shingo ya mbwa, akingoja mwenye kuni apite kwanza.